Bibi, Mkalimani Wangu

Jirani yangu hapa Dar es Salaam ana mtoto ambaye akisema, watu wa nje hawaambulii kitu. Jana alikuja kukaa nami jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza jambo la aibu: hawa wataalamu wa usemi wa kliniki binafsi, humfanya nini mtoto? Wanamchoma sindano? Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Sikumcheka yeye, masikini. Nilimkumbuka Bibi yangu alivyonikamata miguu. Kaa vizuri nikusimulie.

Nimelelewa na Bibi kule Mamba, milimani Upare, kwenye mashamba ya tangawizi. Mama alikuwa chini, mjini Same, akiuza tangawizi hiyo hiyo sokoni, na alipanda kutuona kila alipopata nafasi. Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni. Makande ya jana yanapashwa, yananukia kuliko yalivyonukia jana, Bibi anaosha tangawizi kwenye beseni, mimi nasugua udongo uliojificha kwenye maungio. Na napiga domo. Nilikuwa msemaji mimi, usione hivi. Ila K haikuwamo kinywani mwangu kabisa. Kuku alikuwa tutu, kikombe kilikuwa titombe, G ikageuka D, na maneno marefu niliyakata nilipotaka. Aliyenielewa ni Bibi tu. Mgeni akiniuliza kitu, nilijibu, Bibi akatafsiri, na mgeni akaendelea kuongea na Bibi. Mimi nilidhani kila mtoto ana mtu wake wa kumsemea.

Siku moja Bibi alinituma kwa mama jirani nikaombe kaa la moto, maana moto wetu ulikuwa umezimika. Nikafika, nikaamkia, nikaomba "taa". Mama jirani akanipa taa ya chemli, tena akaipangusa kioo. Nilirudi nayo nyumbani huku nalia kwa hasira. Bibi alicheka, lakini baadaye nilimwona amekaa na ile taa mapajani, hajaiwasha.

Alikuwa na sababu. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia kwamba mwaka unaofuata natakiwa kuanza darasa la kwanza, na kwa usemi ule hanipokei. Ipo shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalumu, mbali, mkoa mwingine. Bibi alirudi nyumbani akasema mtoto huyu haendi popote ambako hakuna mtu wa kumwelewa. Atalia njaa, wampe blanketi.

Ndipo Mama akasikia habari za dada mmoja aliyepanga chumba nyuma ya duka la dawa pale Same, anafundisha watoto kusema. Watu walimwita daktari wa ulimi. Bibi na majirani wote walishajua atafanya nini: atakata udata, ule uzi wa chini ya ulimi. Kule kwetu mtoto akichelewa kusema, neno ni hilo moja, udata. Basi Bibi akafunga chumvi kwenye kipande cha kanga safi, ya kuzuia damu, tukapanda bodaboda, mimi katikati nimebanwa kama gunia.

Siku ya kwanza hakuna kilichokatwa. Yule dada alitaka kujua mambo. Nilitembea lini, niliugua nini, neno langu la kwanza lilikuwa lipi. Akachungulia kinywa changu na chini ya ulimi, akasema sina udata. Akatuagiza kwanza hospitali nikapimwe masikio. Akauliza nyumbani tunasema lugha gani. Bibi akanywea, akajua sasa Chasu, Kipare chetu, kinapigwa marufuku. "Endeleeni nacho, Bibi," akasema. "Lugha mbili hazimchanganyi." Kisha akanisikia nasema "thatha" badala ya sasa, akaandika. Bibi akamuuliza, "Thatha mwanangu, tutarudi lini?" Yule dada akamwangalia, akatabasamu, akafuta alichoandika; hiyo ilikuwa lafudhi ya kwetu tu.

Tuliporudi, masikio yamepimwa na ni mazima, alitandika mkeka, akaniambia nilale chali. Hapo Bibi akainuka, akanikamata miguu yote miwili kwa nguvu za mtu aliyezoea kubeba viroba, akafumba macho, akaanza kusali Kilutheri chake. Yule dada akasimama na kikombe cha maji mkononi, hajui kulikoni. Alichotaka ni nisukutue koo nikiwa nimelala, ulimi urudi nyuma wenyewe, kule inakotoka K. Bibi alipoelewa, alikaa chini akaiweka ile chumvi pembeni. Kusema kweli alionekana amekasirika kidogo. Amekuja kwa matibabu, anaona watu wanachezea maji.

Na kweli ilikuwa michezo. Kusukutua, kupuliza mapovu, picha za vitu ambavyo kwangu vilikuwa na jina moja. Miezi ikapita. K ikaja peke yake, kama mtu anayekohoa, lakini ndani ya neno ikawa haikai. Mama alichoka, akauliza nitapona lini. "Siwezi kukuahidi mwezi, mama," yule dada akamwambia. "Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya. Kazi kubwa iko kwenu nyumbani."

Akamgeukia Bibi, akampa kazi iliyomshinda kuliko zote: asinitafsirie tena. Mgeni akiniuliza, Bibi anyamaze, asubiri. Hata nikishindwa, asubiri. Nakumbuka alivyokuwa akishika ukingo wa kiti, midomo inamcheza, maneno yangu yamemjaa kinywani na hana ruhusa ya kuyatoa. Nilimchukia wakati ule. Niliona amenitupa.

Siku ya kuandikishwa shule, mwalimu mkuu aliniuliza nakaa na nani. Bibi alikuwa nyuma yangu. Nikavuta pumzi. "Nakaa na Bibi," nikasema. Nakaa, na K yake yote. Mwalimu akaandika jina langu bila kumtazama mtu mwingine. Nilipogeuka, Bibi alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, machozi yanapita juu ya vidole. Njiani alinishika mkono, akasema, "Thatha utasema na kila mtu." Nilikuwa mtoto, nikaona amenisifia tu.

Bibi hayupo tena. Hapa mjini nasema kama watu wa redioni, hakuna anayeniuliza mara mbili. Kuna jioni naosha vyombo najaribu kusema nilivyokuwa nasema zamani, si neno mojamoja, ila maongezi yenyewe, yale tuliyokuwa tukiongea mimi naye juu ya beseni la tangawizi. Hayaji. Ilikuwa lugha ya watu wawili. Mmoja nilimzika Mamba, na huyu aliyebaki alifundishwa kuisahau, akafaulu.