Somo Nililoliacha Nikapona

Assalaam alaikum, mama zangu na dada zangu. Nimeombwa niseme, nami nitasema kama yalivyonikuta.

Mimi binti wa Bawshar. Baba na Mama walizaliwa Unguja, mimi nimezaliwa hapahapa Muscat. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea kemia. Nilikuwa mzima, mnene wa kiasi changu, na kwa maneno nyumbani hakuna aliyeniweza.

Maradhi yalianza kwa njaa. Nilikula sahani mbili za wali na bado nikatafuta mkate, huku nguo zinanipwaya. Nilitoka jasho mbele ya kiyoyozi. Tumbo likawa la kuendesha, nywele zikabaki kwenye chanuo. Ijumaa moja tulikwenda kupunga upepo pwani ya Qantab. Wakati wa kurudi, kabla sijafika kwenye gari miguu iliniishia nguvu, nikakaa mchangani. Moyo ulidunda mpaka masikioni.

"Hasad hiyo," akasema shangazi. "Wamemtia jicho kwa kusoma kwake."

Nikasomewa. Kisomo kilinituliza roho, lakini mikono nayo ikaanza kutetemeka. Siku moja maabara, nikimimina asidi, chupa ilinicheza mkononi. Asidi ikaunguza koti langu na mkono wa mwenzangu. Alilia yeye, nikalia mimi.

Mama akanipeleka hospitali. Daktari alinishika shingo, iliyokuwa imeanza kuvimba, akaniambia nimeze mate, kisha akasikiliza moyo.

"Umelala kitandani, na moyo unakwenda kama wa mtu anayekimbizwa," akasema. "Tezi yako ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Dawa ipo, na ikishindikana tutapasua. Lakini lazima upunguze shughuli."

Nikaenda kwa mshauri wangu wa masomo, ustadha mmoja wa Kisudani. Hakunificha. Nikiacha lile somo la kemia lenye maabara, masomo yatakayobaki hayatanifikisha kuwa mwanafunzi wa muda wote, na bila ya ruhusa chuo kinaweza kuninyang'anya nafasi yangu.

"Lete cheti cha daktari, nitakusimamia," akasema. "Lakini kuamua ni kwako wewe."

Baba hakutaka kusikia. "Nusu mwanafunzi! Watu nitawaambia nini?"

Mama hata sauti hakunyanyua. "Waambie nna binti, na yuko hai."

Siku ya pili yake nikapeleka cheti cha daktari, nikaliacha lile somo. Wallahi, iliniuma. Asubuhi wenzangu wakipanda basi la chuo, mimi niko dirishani na kikombe cha uji. Wengine walisema nimefukuzwa. Nikawaacha waseme, nikasoma yale machache niliyobakiza, nikafaulu yote.

Dawa zilituliza moyo, lakini tezi haikushuka. Likizo ilipofika wakanipasua. Niliamka na bomba shingoni, sauti imekauka kama ya jogoo mgonjwa. Aliyekaa ubavuni mwangu ni Baba, ananinywesha maji kwa kijiko, yeye ambaye nyumbani hajui hata vijiko vinawekwa wapi. Nilitaka kumwambia kitu.

"Usiseme," akanizuia. "Chuo hakikimbii, mwanangu."

Kweli hakikukimbia. Nilirudi, nikachukua masomo kamili na kemia yangu ndani yake. Nilimaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzangu, na tangu niajiriwe hakuna aliyeniuliza habari ya mwaka ule. Nimeolewa, nna watoto wawili. Kidonge cha badala ya tezi nakimeza kila asubuhi, na nitakimeza maisha yangu yote. Alhamdulillah, si mzigo.

Basi wazazi, mtoto akikonda na huku anakula, msimalize siku mkitafuta nani kamtazama. Somesheni Qurani, na hospitali mwende. Nanyi mnaosoma, mzigo ukiwazidi teremsheni kidogo, kisha mtaubeba.

Na wewe binti uliyekaa kule nyuma, unayevuta mtandio kila mara kuficha shingo, usiondoke tukimaliza. Nnalo gari hapo nje, nitakufikisha kwenu nipajue. Kesho nitakuja kukuchukua mwenyewe, twende pamoja kwa daktari.