Tulivyoificha Injini ya Boti Ukweni Tarime

Neema, mtoto wetu wa pekee, alijifungua mtoto wa kiume ukweni kwake Tarime, jirani na Mto Mara, na mimi nikaanza kufunga mizigo siku ileile. Mabasi ya Tarime yapo na lami ni nzuri. Lakini mume wangu, Baba Neema, alikataa katakata kupanda basi. Kisa? Injini. Pale mwaloni kwetu Musoma, boti zinapotia nanga, injini zilikuwa zinaibwa kama kuku, na yetu ndiyo inayotulisha. Inavusha abiria, inabeba dagaa, na ndiyo iliyomsomesha Neema. Ikienda hiyo, tumekwenda na sisi.

"Nikimwachia mtu sitapata usingizi," alisema. "Twende nayo."

Ndivyo tulivyokwenda kumwona mjukuu kwa boti, na majirani wakitucheka.

Asubuhi ya safari ziwa lilikuwa shwari. Mimi nilibeba nguo za mtoto na samaki wa kukausha. Mwenzangu alibeba mnyororo, turubai na kufuli tatu. Injini yenyewe alikuwa ameipaka rangi ya mlango iliyobaki, kijani yenye madoa meupe, ili mwizi akiiona aone aibu kuiuza. Mimi niliona aibu kupanda nayo.

Tuliingia Mto Mara, na darajani Kirumi tulipita chini huku malori ya kwenda Sirari yakinguruma juu yetu. Wavuvi wawili wakatusalimia kutoka kwenye mtumbwi wao.

"Mnaelekea wapi na mashine hiyo, mzee?"

"Hapo tu," akajibu Baba Neema, akaongeza mwendo.

Baada ya daraja ni mafunjo kila upande, na njia ya maji inapinda mpaka unasahau ulikotoka. Tulikutana na viboko kwenye kona moja. Tukazima injini na kusubiri kwa adabu mpaka wakubwa wale wapite. Niliomba Mungu kwa sauti. Mume wangu aliomba kimoyomoyo, mkono ukiwa juu ya injini, si juu yangu.

Alasiri mto ulirudi kuwa mto, Tarime kushoto kwetu na Serengeti kulia. Tulipokaribia kijiji cha mkwe wetu, Baba Neema akazima injini tena, akashika kasia.

"Kuna viboko?" nikamuuliza.

"Kuna masikio," akanijibu.

Tulitua kimyakimya. Akaifungua injini, akaiviringisha kwenye turubai, akaisukumia ndani ya mafunjo. Boti akaifunga kwenye mti kwa mnyororo na kufuli zote tatu. Kisha tukapandisha kilima tukiwa na sura za watu walioshuka kwenye gari.

Jioni tulipokelewa na Mama Mwita, mama mzazi wa mkwe wetu, mwanamke mwenye kicheko kikubwa. Alinikabidhi mjukuu kabla sijaweka mzigo chini. Nililia, sioni haya kusema.

"Mmekuja na gari gani, watu wangu?" akatuuliza.

"Tumeletwa na mtu," akasema Baba Neema akitazama pembeni. Nikamkanyaga mguu, hakuelewa.

Mwita, mkwe wetu, alirudi na ng'ombe kutoka kuwanywesha mtoni. Huku mkwe hamsemeshi mama wa mke wake ovyo, na baba mkwe pia humheshimu kwa mbali. Alitusalimia shikamoo akiwa ameinama, akapita zake kwenda zizini. Tulikula ugali wa mtama kwa nyama, tukalala nyumba ya Mama Mwita.

Alfajiri niliamshwa na yowe kutoka mtoni. Nilijua sauti ile. "Nimeibiwa! Jamani, nimeibiwa!"

Tarime huwezi kusema maneno hayo ukabaki peke yako. Nilipofika chini, nimevaa kanga juu chini, wanaume walikuwa wamejaa na fimbo na mapanga, tayari kufuata nyayo za ng'ombe.

"Ni wa rangi gani?" akauliza mmoja aliyetangulia.

"Kijani," akasema Baba Neema, pumzi zikimwisha. "Ina madoa meupe."

Watu wakatazamana, mmoja akamwambia mwenzake, "Mura, ng'ombe wa kijani?"

"Si ng'ombe! Ni ya farasi kumi na tano!"

"Farasi kumi na tano? Uliwapitisha wapi tusiwaone?"

Ningecheka kama isingekuwa injini yetu. Nikawaeleza mimi: ni injini ya boti, farasi ni kipimo cha nguvu zake, ilifichwa hapa, haipo. Wakainama kwenye matope. Kulikuwa na nyayo za watu wawili waliotoka majini, wakazungukazunguka kwenye mafunjo na kurudi majini, wakaondoka na kasia letu tu. Chini ya hizo kulikuwa na nyayo za zamani kidogo, za mtu mmoja, visigino vimezama.

"Huyu ndiye aliyebeba kitu kizito," wakasema. "Twende."

Tukazifuata kupanda kilima, na huko kila mtu anajua sheria: nyayo zikiishia kwako, wewe ndiye wa kujibu. Ziliishia kwenye zizi la Mwita. Injini yetu ilikuwa katikati ya ng'ombe, imefunikwa turubai, ndama mmoja akiinusa.

Watu wote wakamtazama Mwita, na Mwita akatazama chini, kwa kuwa mimi nilikuwa mbele yake. Nilimwona binti yangu akija mbio, mtoto mgongoni, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa viboko.

"Aliiona jana akinywesha ng'ombe," Neema akasema akihema. "Akasema pale wezi hupita na mitumbwi. Akaibeba mlipokuwa mmelala. Aliniagiza niwaambie asubuhi. Baba, ungesubiri tu kukuche!"

Mwita akamnong'oneza kitu. Neema akasita, akatutazama.

"Anauliza hivi: mtoto wenu mlituachia. Injini ndiyo mkatuficha?"

Baba Neema alivua kofia yake. "Majirani, nisameheni," akasema. "Hapa hakuna mwizi. Mimi ndiye nimemkosea mwenyeji wangu." Mama Mwita akaangua kicheko chake, na watu wakaanza kuulizana wale farasi wamelala wapi.

Siku ya kurudi, Mwita aliibeba injini begani hadi kwenye boti. Mume wangu alimpakata mjukuu, akasema kwa sauti ili anayehusika asikie:

"Mwambie baba yako, nikija tena nitapiga simu kwanza. Nitasema nimekuja na nini, na yeye ataniambia nikiweke wapi."

Tulirudi Musoma salama, tukiwa na kasia la kuazima. Watu wa mwaloni wakituuliza tulijifunza nini huko, Baba Neema huwaeleza habari za mnyororo na kufuli. Mimi nilijifunza kwamba mtu akishakulelea mwanao, huna tena cha kumficha.