Mke Mwenza wa Miaka Minne

Siku yangu ya kwanza katika idara ya ustawi wa jamii, Minneapolis, Marekani, Msimamizi wa Usajili alinipa dawati, kalamu na onyo moja: "Andika alichosema mteja. Unachodhani kibaki kichwani mwako."

Asubuhi hiyo alitufundisha asili ya kazi yetu. Viwanda vilipoanza, alisema, maskini alipewa mkate akimpendeza mgawaji. Asipompendeza, alilala njaa. Ndipo serikali zikaweka sheria: watoto wakatolewa viwandani, wazee wakapewa pensheni, na mhitaji akajaza fomu badala ya kubembeleza. "Fomu haina kipenzi," alimaliza. Nilimwamini kabisa.

Nilipangiwa wakazi wa kitongoji cha Brooklyn Park. Mteja wangu wa tatu alikuwa Bibi Hadija, mjane wa Tanga, aliyeomba msaada wa chakula. Binti yake alikuwa amefariki na kumwachia mtoto.

"Shikamoo, bibi. Nyumbani unaishi na nani?"

"Marahaba, mwanangu. Na mke mwenzangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Minne, na wivu wa arobaini!"

Tulicheka wote. Nani kwetu asiyejua utani wa bibi na mjukuu? Lakini nilikumbuka lile onyo. Kwenye fomu, penye uhusiano, nikatafsiri kwa Kiingereza neno kwa neno, mke mwenza. Penye umri, 4. Niliona umri utajieleza wenyewe.

Haukujieleza. Karani wa kompyuta alidhani nimesahau sifuri, akaiongeza. Mtathmini, yaani ofisa anayeamua nani anastahili, akaona mwanamke wa miaka arobaini, mzima wa afya, asiye na kazi. Kanuni ilimtaka mtu kama huyo ajiandikishe kutafuta kazi. Barua ikatumwa kwa Kiingereza, haikujibiwa, chakula cha nyumba nzima kikasitishwa.

Wiki tatu baadaye Bibi Hadija alisimama mbele yangu, theluji kwenye viatu, amemshika mkono mtoto aliyevishwa kofia hadi machoni. Jirani alikuwa amemsomea barua.

"Mwanangu, mmemwita mke mwenzangu kazini. Nimemleta. Mtampa kazi gani, na hata kufunga zipu hajui?"

Nilisoma barua mara mbili. Tulikuwa tumemwita kazini mtoto wa miaka minne, na jalada lilikuwa na saini tatu, ya kwanza yangu. Nikampelekea Msimamizi.

"Kila mtu amefuata utaratibu," alisema.

"Ndiyo, mkuu. Hata mimi."

Alichungulia dirishani pa kaunta, akamwona mtoto. "Rekebisha. Leo hii."

Baadaye nilihamishiwa ofisi ya mji jirani wa Hopkins, kisha kitengo cha rufaa, ambako walionyimwa husikilizwa upya, hadi nilipostaafu. Vijana wetu wanaosomea ustawi wa jamii hunitembelea na kuniuliza kama mitambo mipya ya kompyuta itamaliza makosa. Nawaambia fomu bado naiheshimu. Bila hiyo tungerudi kwenye hisani. Lakini sifuri ya karani hainishtui kama maneno yangu mwenyewe. Mimi nilijua ukweli, nikaandika uongo kwa maneno sahihi.

Na siku ile, kabla hawajaondoka, nilimuuliza Bibi Hadija wamekula nini wiki zote hizo. Aliiweka sawa kofia ya mjukuu wake kwanza.

"Yeye amekula," akasema.