Hekalu Lililopita Mahojiano

Nilikuwa nimeihama Louisville bila sababu ya maana, na mwaka 2015 nikawa nimepanga nyumba Reynoldsburg, pembeni ya Columbus. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kijapani aliyefiwa na mkewe. Siku moja aliniambia maktaba ya mtaa imemwalika asimulie historia ya hekalu la Kibudha alikozaliwa, katika mji uliozunguka ngome ya kale huko Japani. Binti yake angekuja kutoka Buffalo kusikiliza. Binti huyo hakuwahi kumuuliza neno juu ya hekalu hilo, na mzee aliogopa kumchosha.

Nikamtoa wasiwasi. Sisi Warundi tuliokulia kambini Tanzania tulihojiwa historia zetu na maafisa wa wakimbizi miaka na miaka kabla ya kupandishwa ndege kuja huku. Kusimulia historia ndiyo kazi tuliyosomea.

Tukaanza mazoezi jikoni kwake. Akaeleza kwamba zamani bwana wa ngome, mtawala wa mji, aliyahamishia mahekalu yote ukingoni mwa mji, ili adui akija akutane na watawa kwanza. Baadaye hekalu likaungua. Jumanne alisema moto ulianzia jikoni. Alhamisi akasema ulitokana na radi.

"Mzee, chagua moto mmoja," nikamwambia. "Kambini kuna familia ilirudishwa nyuma miaka miwili kwa sababu baba alibadilisha rangi ya mbuzi kati ya mahojiano mawili."

"Lakini liliungua mara mbili."

"Basi liseme mapema, kabla hawajakugundua."

Nikamkataza pia kusema "nadhani", kucheka, na kuongeza jambo jipya siku ya mwisho.

Siku yenyewe alisimama wima kama yuko mbele ya afisa. Akataja kuhamishwa, mioto miwili, na kengele iliyochukuliwa wakati wa vita ikayeyushwa. Mama mmoja akauliza kama bustani ilikuwa nzuri. Mzee akajibu kwamba hilo ameshalieleza. Hakuwa amelieleza, lakini nilijivunia uthabiti wake.

Ndipo binti yake akanyoosha mkono.

"Baba, kwa nini uliondoka?"

Swali la kwanza la kila mahojiano, nami nilisahau kumwandaa. Mzee akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

"Sakafu ilikuwa baridi mno," akasema. "Kila alfajiri niliipiga deki pekupeku. Nikaapa kwenda kwenye joto."

Nje theluji ilifika magotini. Binti akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akauliza la pili, na la tatu. Mzee akasema "nadhani" kila sentensi, wakaendelea hadi mhudumu alipozima taa.

Mwaka uliofuata nilihamia Buffalo. Binti huwa ananipa habari: bado anampigia baba yake simu kila Jumapili kumuuliza juu ya hekalu, na mioto sasa imefika mitatu.