Mama Nyamizi wa Tura

Wiki iliyopita muuza mitumba mmoja wa soko la Ng'ambo aliniita, "Madam, njoo uchague!" Nikabaki nimesimama juani na sketi mkononi. Jamani, neno la watu wote hilo, lakini mimi hunirudisha utotoni kijijini Tura, kwenye harufu ya chaki na mafuta ya taa.

Mama yangu alikuwa mbali, Ipole, kwenye mashamba ya tumbaku. Aliniacha kwa bibi, na bibi, Mungu amrehemu, upendo wake ulikuwa wa kufoka. Treni ya jioni ikipita nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mgeni, hana mume, hana mtoto. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, kwa hiyo yeye tulimwita Madam, wakubwa kwa wadogo. Siku moja darasani alitueleza neno lenyewe lilikotoka. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na maana yake "bibi yangu", yule mwenye nyumba anayeheshimiwa.

"Wote mnasema wangu, wangu," akacheka, "halafu jioni nafunga mlango peke yangu."

Nasi tukacheka. Watoto bwana!

Siku moja bibi yangu akanituma nimpelekee Madam maji. Nikapeleka, nikakaa. Nikawa nakula matobolwa ya viazi kwake, nasukwa mlangoni pake, hadi kina mama kisimani wakaanza kumsalimu: "Mama Nyamizi, hujambo?" Siku ya kwanza ndoo ilimponyoka. Siku ya pili aliitika kwa "mama" ya kwetu, "Sijambo, mayu!" kwa sauti ya kusikika hadi stesheni. Mimi ndiye Nyamizi, nikavimba kichwa. Bibi alinuna: "Mtoto huazimwa, mama haazimwi!"

Tumbaku ilipouzwa, mama akaja kunichukua. Madam alinisuka upya, akanisindikiza stesheni. Mama akashuka kwenye treni, amekonda, vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku. Kabla sijamfikia, muuza karanga akapaza sauti: "Mama Nyamizi, leo hununui?"

Wanawake wawili wakageuka.

Mama alimtazama Madam, kisha akanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Madam akapiga goti palepale kwenye changarawe, mbele ya mwanamke wa rika lake.

"Shikamoo, Mama Nyamizi. Mimi ni Madam, mwalimu wake."

"Marahaba," mama akajibu, na uso ukamlegea. Akanivuta kifuani.

Njia nzima hadi Ipole niliumia, nikidhani Madam amenikana. Mpaka nilipozaa, nikaitwa mama wa fulani, ndipo nikaelewa kwamba alikuwa na kitu kimoja tu pale Tura, jina hilo, na alikirudisha kwa heshima ili mama yangu asiaibike.

Nilirudi Tura kumtafuta. Wazee wa stesheni walinisikiliza vizuri, wakaniuliza, "Madam yupi, mwanangu? Jina lake nani?"

Sikuwahi kumuuliza.