Suruali ya Harusi

Daktari alimweleza mama yake Mpole kwamba ulemavu wa akili una viwango: mdogo, wa kati, mkali, na ule wa kupindukia ambao mtu hulishwa na kuvishwa maisha yake yote. "Wa mwanao ni mdogo," alisema. Mama akashukuru. Alipofariki, Mpole alibaki kwa dada yake, fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya saluni.

Na kweli Mpole alijiweza. Alijifulia, alipiga pasi, aliwatekea maji wasusi. Kusoma saa ndiko kulikomshinda, na kumaizi neno lenye maana mbili. Kwa vile usoni hakuwa na alama yoyote, watu hawakumhurumia. Walimwita zuzu, mvivu, kichwa maji.

Msusi mmoja tu ndiye aliyemchangamkia. Kila akimwona na ndoo alisema, "Mume wangu huyo." Wenzake wakicheka, Mpole naye alicheka.

Siku moja akamwambia dada yake, "Nishonee suruali. Jumamosi harusi."

Fundi alijua msusi yule anaolewa na dereva wa lori, na mtaa mzima umealikwa. Akamshonea ya kijivu, akainyoosha kwa pasi hadi ikasimama.

Mpole alitangulia. Dada alipoingia ukumbini alimkuta kwenye kiti cha bwana harusi, mikono magotini, katulia tuli. Mshereheshaji alikuwa anamtania kwa kipaza sauti.

"Bibi harusi umemwacha wapi?"

"Bado anasukwa."

Watu wakavunjika mbavu. Fundi akapita katikati yao, akamshika mkono ndugu yake. Mlangoni wakakutana na msusi ndani ya shela.

"Nilikuwa natania tu, dada," alisema, macho chini. "Nilidhani anaelewa."

Njiani Mpole akauliza, "Dada, mimi sina akili?"

"Unazo."

"Mbona wamenicheka?"

Fundi akaongeza mwendo. Kwa mara ya kwanza alitamani hali ya ndugu yake ingekuwa nzito zaidi, asijue kuwa anachekwa. Mara akajichukia kwa wazo hilo, akalia njia nzima bila kujifuta.

Msusi alihamia kwa mumewe. Mpole bado anateka maji pale saluni. Ila siku hizi akitaniwa, kwanza humgeukia dada yake pale barazani na kumtazama usoni. Dada asipotabasamu, naye hacheki. Hutua ndoo, akaenda zake.