Petunia za Pentekoste

Ninapochuma maua yaliyonyauka kwenye madumu yangu hapa Musoma, vidole hubaki vikinata na kunuka majani ya petunia. Harufu hiyo hunirudisha jikoni kwetu Mugango, nami huona aibu kana kwamba Bibi ananitazama.

Mama alikuwa amepanda petunia nyekundu kwenye madumu ya mafuta yaliyokatwa, mbegu akiwa ameinunua mjini. Zilichanua hata mwendesha bodaboda mwenye haraka akasimama. Basi Mama akaahidi kupamba altare ya kanisa la kigango chetu Pentekoste ijayo, kwa wekundu uleule unaotakiwa siku hiyo. Mbegu alizovuna akampa Bibi, mkwe wake, azitunze. Mtama na mahindi ya mbegu ya nyumba nzima yalikuwa chini ya Bibi, yamefungwa vitambaani na kuning'inizwa juu ya mafiga, moshi ufukuze wadudu. Aliringa kidogo kwa kazi hiyo, na hakuna aliyemnyima fahari hiyo.

Siku moja nilikifungua kitambaa cha maua nichungulie. Mbegu zilikuwa kama vumbi. Nikapiga chafya, zikamwagika, nikazizoa pamoja na majivu na kukifunga tena.

Pentekoste ilipokaribia, madumu yalitoa maua meupe, ya waridi yaliyopauka, na mekundu machache tu. Mama alitaka kulia.

"Nani kachezea mbegu zangu?"

Bibi alinitazama, kisha akamgeukia Mama.

"Ni mimi, mwanangu. Macho yangu siku hizi yanachanganyaga vitu."

Mama hakugomba. Msimu uliofuata alihamishia mtama na mahindi yote ya mbegu chumbani kwake mwenyewe. Bibi aliendelea kukaa jikoni, akiinua macho pale juu palipobaki patupu, nami nilikula ugali wake kimya mpaka tulipomzika.

Mwaka jana muuza mbegu alinionya, "Hizi ni chotara, dada. Mbegu yake watu hawatunzagi, rangi inageuka yenyewe." Nilisimama pale dukani nikiwa nimeishika pakiti. Kumbe hakuna aliyeharibu kitu. Bibi alikubali kuvuliwa kazi yake ili mimi nisichapwe, na kosa lenyewe halikuwepo. Langu lilikuwa kunyamaza.

Nikampigia Mama simu, nikamweleza yote, na ya majivu pia.

"Mtama wake," akasema. "Nilimnyang'anya bure."